Somnath na Gir, Dwarka, au Ambaji na Mount Abu: una siku tatu nne tu Gujarat, uende wapi?

Swali hili halikosekani. Watu wameshafika Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo la Gujarat kule India, harusi imeisha, au mgonjwa karuhusiwa hospitali, au chuo kimefunga wiki moja, zimebaki siku tatu nne kabla ya ndege, mama anataka darshan (kumwona mungu hekaluni), vijana wanataka pori au bahari, na kila shangazi kwenye grupu la WhatsApp ana hekalu lake analolipigia debe. Mwisho wa siku mnakodi gari kubwa, mnalala barabarani, mnaona mahekalu sita kwa dakika kumi kumi na watoto wanarudi hawajui hata wametoka wapi.

Safari fupi zinazounganisha hekalu kubwa na mazingira ya maana jirani kabisa ziko nyingi ila ukianzia Ahmedabad mimi naona za kubishania ni tatu. Somnath na pori la Gir, ukiweza na mlima Girnar. Dwarka na pwani yake. Halafu Ambaji na Mount Abu, hii ya mwisho unavuka mpaka kidogo unaingia jimbo jirani la Rajasthan.

Niseme msimamo wangu mapema ili usisome hadi chini ukitafuta jibu: kwa familia yenye wazee na vijana pamoja, kati ya mwezi wa kumi na moja na wa pili, Somnath na Gir ndo namba moja, haina ubishi. Ukiwa na usiku mbili tu, au ukiwa umekuja wakati wa mvua zao, nenda Ambaji na Abu. Dwarka nenda ukiwa unaenda kwa ajili ya mungu Krishna hasa, mazingira yawe nyongeza. Na kitu kimoja nakiomba kwa herufi kubwa, USICHANGANYE SOMNATH NA DWARKA NDANI YA SIKU TATU. Kwenye ramani zinaonekana majirani, zote ziko pwani ya Saurashtra, ile rasi ya Gujarat, lakini kati yao ni kama kilomita 230, masaa manne hadi matano kwa gari, na ukijumlisha kwenda na kurudi Ahmedabad unakuta zaidi ya kilomita elfu moja. Hiyo sio jatra (safari ya hija) tena, hiyo ni kazi ya dereva wa lori.

UMBALI KWANZA, MAANA NDO UNAAMUA

Ahmedabad hadi Somnath ni kama kilomita 400, masaa saba mpaka manane kwa gari. Dwarka ni zaidi kidogo, kama 440, masaa yanakaribiana kwa sababu barabara ya kupitia Rajkot na Jamnagar ni nzuri. Ambaji ni 180 tu hivi, masaa matatu na nusu mpaka manne, na kutoka Ambaji kupanda Mount Abu ni kama kilomita 45 mpaka 50, sehemu ya mwisho ni mlima wenye kona kweli kweli, mwenye kichefuchefu akae mbele na asile bhajia za Abu Road kabla ya kupanda.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Usiku mbili: Ambaji na Abu, unafika mchana siku ya kwanza ukiwa bado mzima. Usiku tatu: Somnath na Gir inakaa vizuri. Dwarka nayo inataka usiku tatu kama unaenda kwa gari, ukienda kwa treni ya usiku unaokoa siku.

Na treni zimebadilisha mambo sana. Zamani wazee walikuwa wanasafiri usiku kucha hadi Veraval, kituo kikubwa cha Somnath, na treni za usiku bado zipo na ni nzuri ukipata kitanda cha chini chenye AC. Lakini tangu Mei 2025 kuna Vande Bharat, ile treni yao mpya ya kukaa, kati ya Sabarmati pale Ahmedabad na Veraval, na upande wa Dwarka kuna Vande Bharat ya Ahmedabad hadi Okha inayopita Dwarka. Unakaa kwenye kiti, unaletewa chakula, mzee anaenda chooni kwa raha zake, sasa mwenye wazee wa miaka sabini na themanini anaanzaje kukomaa na gari masaa nane? Ukishuka Veraval chukua bajaji au teksi, Somnath ni kilomita chache tu. Ila nikuonye, Veraval ni bandari kubwa ya uvuvi, harufu ya samaki wanaokaushwa itakupokea kituoni, mtu wa Kunduchi au Malindi atajisikia nyumbani, bibi asiyekula hata yai atafunika pua mpaka getini kwa Mahadev, yaani mungu Shiva.

HEKALU KWA HEKALU

Somnath. Hii ni jyotirlinga, zile sehemu 12 takatifu za Shiva India nzima, na huhesabiwa ya kwanza. Jengo unaloliona sio la kale, watu wengine wanafika wanashangaa mbona mawe yanaonekana mapya. Hekalu lilivunjwa na kujengwa tena mara kadhaa, uvamizi unaotajwa zaidi ni wa Mahmud wa Ghazni mwaka 1026, na hili la sasa wazo lake lilisukumwa na Sardar Patel, mmoja wa viongozi wa uhuru, baada ya uhuru mwaka 1947, yeye akafariki kabla, kazi ikasimamiwa na mwanasiasa K. M. Munshi, na Rais Rajendra Prasad akaja kwenye sherehe ya kuweka linga (jiwe la Shiva) Mei 1951. Kwa hiyo unaloliona ni kazi ya karne ya ishirini kwa mtindo wa zamani wa Gujarat, limechongwa na mafundi wa ukoo wa Sompura, na limesimama ukingoni mwa Bahari ya Arabu, mawimbi yanapiga chini ya ukuta. Pale nyuma kuna nguzo ya Baan Stambh, maandishi yake yanasema kuanzia hapo ukienda moja kwa moja kusini hakuna nchi kavu mpaka Ncha ya Kusini ya dunia. Simama hapo jioni dakika tano hata kama huamini chochote.

Aarti, ibada ya taa, ni mara tatu, saa moja asubuhi, saa sita mchana, na saa moja jioni. Ya jioni ndo yenyewe, wahi mapema, na ikiisha kuna maonyesho ya mwanga na sauti nje, simulizi ni Kihindi ila taa zinaeleweka na kila mtu. Simu, kamera, begi, mkanda wa ngozi, vyote vinabaki kwenye kaunta za kuhifadhia, ukaguzi ni mkali kama uwanja wa ndege, kwa hiyo pangeni kabisa mtakutania wapi mkitoka maana mtapotezana na hakuna wa kumpigia.

Jambo la kuzingatia kwa wenzetu wasio Wahindu wanaosindikiza: Somnath tangu 2015 kuna bango kwamba asiye Mhindu apate kibali ofisi ya meneja kwanza. Sio kwamba umefukuzwa, nenda ofisini na pasi yako mapema, ongea kwa adabu. Usijifanye mjanja wa kupenya kwenye foleni, aibu yake itaangukia familia iliyokuleta.

Dwarka. Hapa hali ni nyingine kabisa. Hekalu la Dwarkadhish, wenyewe wanaliita Jagat Mandir, ni moja ya zile dham nne, yaani kona nne za India ambazo Mhindu anatamani azifike zote kabla hajafa. Ghorofa tano juu ya nguzo 72, kilele kirefu, na juu kabisa bendera kubwa inayobadilishwa mara kadhaa kila siku, familia zinasubiri zamu zao muda mrefu kuitoa sadaka hiyo bendera, wanakuja nayo kichwani wakiimba na kucheza mtaani, na yule anayepanda kuifunga anapanda bila mbwembwe huku sie chini shingo zinauma kwa kumwangalia. Ukitokea ghati ya mto Gomti unapanda ngazi 56 kuingia mlango wa Swarga Dwar na unatoka Moksha Dwar. Mji wenyewe ni mdogo, vichochoro, ng'ombe, maduka ya tulsi na picha za Krishna, yaani unaishi ndani ya hekalu.

Tatizo la Dwarka kwa mwenye haraka ni kwamba hekalu linafungwa mchana, kuanzia saa saba hivi mpaka saa kumi na moja jioni Thakorji, yaani Krishna mwenyewe, anapumzika. Ukifika saa nane mchana na ratiba ya kuondoka saa kumi, umeumia. Panga mchana huo uwe wa Nageshwar, hiyo nayo ni jyotirlinga, kama kilomita 15 na kitu kutoka mjini, kuna sanamu kubwa ya Shiva amekaa inayoonekana kutoka mbali, au kisiwa cha Bet Dwarka.

Ambaji. Hapa ni Mama, mungu wa kike Amba. Ni Shakti Peeth, yaani moja ya sehemu takatifu za mungu huyo wa kike, na cha ajabu ni kwamba ndani hakuna sanamu, kuna yantra (mchoro mtakatifu) ya dhahabu ambayo hata pujari, kuhani wa hekalu, anaiabudu akiwa amefunga macho. Kilomita chache pembeni ni kilima cha Gabbar, ngazi 999 au panda ropwei, na kuna njia ya kuzunguka kilima yenye nakala za Shakti Peeth zote 51, hivyo mwenye miguu anaweza kuzimaliza zote kwa siku moja, kitu ambacho kwa uhalisia ungezunguka hadi Bangladesh na Pakistan. Prasad yake, kile chakula kilichobarikiwa, ni mohanthal, ile ya unga wa dengu na samli, na mwaka 2023 uongozi ulijaribu kuibadilisha waweke chikki, aina ya kashata, watu wakaja juu mpaka mohanthal ikarudishwa ndani ya siku chache. Nilicheka sana lakini nilielewa. Kuna vitu huvigusi.

Kwa ukubwa wa hisia mimi naona Dwarka inashinda kwa mtu wa bhakti (ibada ya mapenzi), Somnath inashinda kwa mahali lilipo, Ambaji inashinda kwa urahisi. Ila hapa kila mtu na ishta wake, yaani mungu wa moyo wake, siwezi kumwambia mtu wa Mataji (Mama) aende kwa Krishna kwa sababu barabara ni fupi.

SASA MAZINGIRA, NA HAPA NDO GIR INAWAACHA WENZAKE MBALI

Najua mtu wa Arusha atasema mimi nimetoka Serengeti, niende India kuangalia simba? Nilishasikia hiyo, na jibu langu ni ndio, nenda. Simba wa Gir ni wa Asia, na duniani kote wanaoishi porini wamebaki hapo Saurashtra peke yake. Zamani walikuwepo mpaka Uajemi na Uarabuni, wakapigwa risasi wakaisha, mwanzoni mwa miaka ya 1900 walibaki wachache sana, na Nawab, mtawala wa Junagadh, ndiye aliyewakingia kifua. Sensa ya Mei 2025 ilihesabu 891, kutoka 674 mwaka 2020, na zaidi ya nusu yao sasa wanaishi nje ya hifadhi, kwenye mashamba ya watu, kando ya pwani, wanapita vijijini usiku. Ukimwangalia dume utaona manyoya ya shingo ni mafupi kidogo kuliko ya wetu, masikio yanaonekana, na chini ya tumbo ana ngozi imening'inia. Pori nalo ni tofauti, sio nyika ya kuona kilomita tano, ni msitu mkavu wa mitiki, majani makubwa yameanguka chini, unasikia kabla hujaona. Na kuna Maldhari, wafugaji wa nyati maziwa wanaoishi humo humo ndani na simba, ukiwafikiria Wamasai wetu utawaelewa haraka.

Utaratibu wake uufahamu vizuri kwa sababu hapa ndo wengi wanakosa. Kuna safari ya pori lenyewe kutokea kijiji cha Sasan, unaingia na gari la wazi wanaloita jipsi, na kibali kinakatwa onlaini tovuti ya serikali ya Gujarat, miezi kama mitatu kabla ndo zinafunguliwa. Kibali ni kwa gari, watu sita. Majina na namba za pasi lazima zilingane na ulichobeba mkononi. Bei ya mgeni ni kubwa mara nyingi kuliko ya raia, ila mwenye kadi ya OCI, ile ya watu wa asili ya India wenye pasi za nje, anahesabiwa sawa na raia kwenye viingilio vya hifadhi, kwa hiyo ndugu zetu wa Nairobi, Dar na Kampala wenye OCI beba kadi yenyewe, usibebe picha kwenye simu. Wikiendi na sikukuu bei inapanda. Kuna masafari ya asubuhi na ya alasiri, kila moja kama masaa matatu, chukua ya asubuhi na chukua sweta, Januari kwenye jipsi la wazi saa kumi na mbili na nusu utatetemeka kama hujawahi kufika India.

Ukikosa kibali kuna Devalia, eneo limezungushiwa uzio, unapanda basi au jipsi na simba utaona karibu kwa uhakika. Watu wa safari wanaidharau, mimi siidharau, kwa wazee na watoto wadogo ni saa moja tu imeisha. Jumatano imefungwa, angalia kalenda.

Na lazima nitaje Jambur, kijiji cha Masiddi karibu na Talala. Hawa ni watu ambao mababu zao walitoka upande wetu huu wa Afrika karne zilizopita, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia wa masultani, leo wanaongea Kigujarati, wengi wao Waislamu, na kwenye lodji za Sasan jioni utakuta wanakuja kucheza ngoma yao ya dhamal kwa watalii na kuvunja nazi kwa kichwa. Mimi nisingependa kuishia kwenye onyesho la hotelini. Ukienda Jambur nenda kama mgeni, omba dereva akutambulishe kwa watu, salimia, nunua chai, usianze na kamera usoni mwa mtoto wa mtu. Ukiwa Mwafrika mweusi watakuuliza umetoka wapi na mazungumzo yatakuwa marefu.

Kama kuna siku ya ziada, Girnar. Mlima mrefu kuliko yote Gujarat, uko Junagadh, kilomita sitini na kitu kutoka Sasan, ngazi kama elfu kumi, Wahindu na Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India) wamegawana kilele kwa kilele. Tangu Oktoba 2020 kuna ropwei ya kilomita 2.3 inakufikisha hekalu la Amba juu, kutoka hapo mwenye magoti anaendelea hadi hekalu la Dattatreya. Upepo ukiwa mkali wanaisimamisha, usiahidi watu. Chini kabla ya kupanda kuna jiwe lenye maandishi ya mfalme Ashoka, zaidi ya miaka 2,200, na magari mengi yanalipita bila kusimama!

Dwarka kimazingira nayo sio bure, ila imetawanyika. Ufukwe wa Shivrajpur, kilomita kama 12, una Blue Flag, cheti cha kimataifa cha ufukwe safi, tangu 2020, mchanga mweupe na maji safi, kwa mtu wa Nungwi au Diani ni wa kawaida tu tusidanganyane, ila kwa watoto waliokaa wiki nzima kwenye vumbi la Ahmedabad ni pepo. Bet Dwarka zamani ilikuwa mashua kutoka Okha, zimejaa watu hadi unasali njiani, tangu Februari 2024 kuna daraja la Sudarshan Setu unavuka kwa gari. Wapo wanaolalamika kwamba raha ya mashua imepotea, wazee wangu hawalalamiki. Njiani kuna mabwawa ya chumvi ya Charkala, msimu wa baridi heroe wanajaa pamoja na korongo wa kila aina, simamisha gari hapo, ni bure.

Kizuri zaidi upande huo kiko mbali kidogo, Narara, karibu na Jamnagar, ndani ya hifadhi ya bahari ya ghuba ya Kutch iliyoanzishwa 1982, ya kwanza India. Maji yakitoka unatembea kwa miguu juu ya matumbawe na kuona pweza, kaa, bunju. Watoto wa Pwani wanajua kwenda kuchokoa pweza maji yakitoka, hapa ni hivyo hivyo ila unaangalia tu hushiki, na lazima uende na mwongoza wageni na kibali. Shida ni kupwa na kujaa hakumsubiri mtu, kama maji yanatoka alfajiri na wewe uko Dwarka masaa mawili na zaidi mbali, basi tena. Narara inafaa siku ya kurudi, ukilala Jamnagar.

Mji wa Porbandar uko njiani kwa anayetoka Dwarka kuteremkia Somnath, na kwa mtu wa Afrika Mashariki una uzito wake. Alizaliwa Gandhi hapo, na Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu lililopo pembeni ya nyumba yao, lilijengwa kwa fedha za Nanji Kalidas Mehta, huyu huyu wa sukari ya Lugazi kule Uganda. Familia nyingi za Jinja, Kisumu, Mwanza na Mombasa zilitoka vijiji vya hapo na vya Jamnagar, kwa hiyo kama babu yenu ni wa huko basi hoja yangu yote ya umbali naifuta, nendeni mkaone nyumba.

Mount Abu ni baridi na vilima. Mji uko kama mita 1,200 juu, Guru Shikhar ni 1,722, kilele cha juu kuliko vyote milima ya Aravalli. Kuna ziwa la Nakki, boti za kupiga pedeli, mahindi ya kuchoma, mawe makubwa yamekaa kama yatadondoka, hifadhi yenye dubu na chui ambao usitegemee kuwaona. Kusema ukweli mji wikiendi unajaa vurugu, watu wa Gujarat wanapanda huko pia kwa sababu Gujarat pombe ni marufuku na Rajasthan sio, unaelewa. Nenda Jumatatu mpaka Alhamisi. Kinachoilipa Abu ni mahekalu ya Dilwara ya Wajaini, Vimal Vasahi ya 1031 na Luna Vasahi ya 1230, marumaru imechongwa mpaka inapitisha mwanga, nje ni ukuta tu wa kawaida, ndani utasahau kufunga mdomo. Wageni wanaruhusiwa kuanzia saa sita mchana hadi kumi na mbili, simu na ngozi nje.

Pori dhidi ya bahari dhidi ya mlima, basi. Kwa mimi Gir ya kwanza, Abu ya pili, Dwarka ya tatu, ila ukipata siku nzuri ya Narara nafasi ya pili na ya tatu zinabadilishana.

MWEZI GANI?

Hapa ndo watu wetu wanaangukia pua kwa sababu likizo zetu hazifuati kalenda ya Gujarat. Shule Tanzania zikifunga Juni na Julai, na Kenya Agosti, pori la Gir linafungwa, kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba hakuna safari ya ndani. Devalia inabaki, lakini kusafiri kilomita 400 kwa ajili ya Devalia peke yake, hapana. Bahari ya Dwarka wakati huo imechafuka, michezo ya maji Shivrajpur inasimama. Wakati huo huo Ambaji na Abu ndo zinapendeza, vilima vinageuka kijani, ukungu unaingia mpaka mezani, vijito vinashuka barabarani. Kwa hiyo Julai Agosti usijiulize mara mbili.

Aprili na Mei Ahmedabad ni zaidi ya nyuzi 40, pwani ni jasho, Abu ni afueni kidogo. Faida pekee ya Gir mwezi Mei ni simba wanakuja kwenye maji hivyo kuwaona ni rahisi, na maembe ya kesar ya Talala yameiva. Hiyo ya maembe sio faida ndogo.

Novemba hadi Februari kila kitu ni kizuri na kila mtu anajua hivyo. Diwali na siku zinazofuata Gujarat nzima iko barabarani, bei za vyumba Sasan na Abu zinaruka, na Krismasi hadi mwaka mpya hivyo hivyo. Epuka pia sikukuu ya Mahashivratri Somnath na ya Janmashtami Dwarka kama una wazee, isipokuwa kama umati wenyewe ndo unaoutaka, wapo wanaoutaka na nawaelewa.

KULALA, KULA, HELA

Somnath mpango rahisi ni gesti za trasti ya hekalu, Sagar Darshan inatazama bahari, Lilavati na Maheshwari ni za bei ya chini, unabuki kwenye tovuti yao. Kwa Gir lala usiku mmoja Sasan ili safari ya asubuhi usikimbizane. Dwarka zimejaa dharamshala (nyumba za kulala mahujaji) na hoteli za kila aina. Ambaji nyingi ni za kawaida, wengi wanafanya darshan wanapanda kulala Abu, na mimi pia ndivyo ningekushauri. Mwenye pasi ya Kenya au Tanzania apige simu kwanza, sehemu ndogo ndogo zinakataa mgeni wa nje kwa sababu hawataki kujaza fomu ya polisi, sio ubaguzi wa dini ni uvivu wa makaratasi.

Chakula kote ni vegi na ni kizuri. Somnath na Dwarka kula thali (sinia la vyakula) ya Kikathiawadi, yaani ya Saurashtra, bajra no rotlo (mkate wa uwele) na ringan no olo (mbilingani ya kuchoma), siagi nyeupe na kitunguu saumu, mtu aliyezoea ugali na mbilingani hatauliza maswali. Anayeshindwa kukaa siku tatu bila samaki atapata Veraval mjini, ila asile halafu aende hekaluni moja kwa moja, aoge kwanza.

Hela, beba noti ndogo ndogo. Wenyewe wanalipa kila kitu kwa kuskani simu, hadi nazi ya mia, na laini yako ya nje haitaingia kwenye mfumo huo kirahisi, halafu mwenye duka hana chenji. Nguo ziwe za kufunika bega na goti, kaptula iache gestini. Kadi ya homa ya manjano ikae na pasi.

Ukishaamua, mpangilio wa kubuki ni huu. Gir: kibali cha pori kwanza, ukikipata ndo uchague siku za Somnath, halafu chumba, treni mwisho. Dwarka: treni kwanza maana vitanda vya chini vinaisha, afu angalia jedwali la kupwa na kujaa kama unataka Narara. Ambaji na Abu hazitaki presha, ondokeni Ahmedabad saa kumi na moja alfajiri, katikati ya wiki, isipokuwa siku za Bhadarvi Poonam Agosti au Septemba, hapo malaki ya watu wanatembea kwa miguu kwenda kwa Mama na barabara yote ni yao, gari lenu litasubiri.